Kinachoua Mifugo ya Nyumbani Kibaha na Kisarawe

Mtu akipata ekari moja au mbili Mlandizi, Soga au Maneromango, huanza na mbegu, beberu mkubwa na kuku chotara, pamoja na uzio wa waya. Masika ya kwanza ikiingia, mifugo inaanza kupukutika. Ukanda huu wa Pwani una joto na unyevu, na hivyo viwili vinapokutana vimelea hustawi. Kwa hiyo fedha ya mwanzo iende kwenye kinga, mbegu itasubiri.

Kuku huuawa zaidi na kideri, au mdondo. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na banda zima linaweza kuisha kwa siku chache. Ni ugonjwa wa virusi, hauna tiba. Chanjo yake, TEMEVAC, inatengenezwa hapo hapo Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Imetokana na kirusi cha I-2, kilichoandaliwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, lakini jua huiharibu, hivyo ibebe kwenye kitambaa kibichi. Dondoshea tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo kipimo kile kile, na usimwachie kuku mpaka apepese. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wachangiane na wachanje siku moja. Usingoje ugonjwa uingie mtaani, kwani kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka.

Vifaranga wana adui mwingine, kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ametapakaa pwani nzima. Wafunike kwa tenga mpaka wapate nguvu ya kukimbia.

Kwa mbuzi na kondoo, tatizo kubwa ni minyoo, hasa ile inayonyonya damu kwenye tumbo la nne. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na kipindi cha mvua, kwa wiki moja hivi, viluwiluwi huwa tayari kupanda kwenye majani mabichi yenye umande. Sasa mtazame mbuzi aliyefungwa kamba pale pale wiki nzima: anakula alipokunya. Kwa asili mbuzi hula vichaka, kichwa kikiwa juu. Sisi ndio tunaomshusha kwenye nyasi fupi. Hamisha kamba kila siku nne, na usirudi mahali pale kabla ya miezi miwili. Asubuhi ngoja umande ukauke. Usiku walale kwenye banda la kichanja, lenye sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi ya kupitisha kinyesi, wala si kwato.

Kuwapa wote dawa kila mwezi ni kosa linaloniumiza, maana minyoo huizoea dawa ikawa kama maji. Vuta chini kope la chini la mbuzi. Ukiona wekundu, mwache. Ukiona weupe, au uvimbe laini chini ya taya, huyo ndiye wa kutibiwa, kwa kipimo cha uzito wake.

Chakula nacho huweza kudhuru. Kisarawe mihogo ni mingi, na majani yake ni chakula kizuri cha mbuzi yakishanyaushwa juani. Mabichi yana sumu. Kondoo wasifikie pumba ya kuku, kwani madini ya shaba yanayochanganywa humo huweza kuwadhuru polepole.

Ukinunua mnada wa Pugu, kumbuka hapo hukutana wanyama wa mikoa mingi, na sotoka ya mbuzi na kondoo nayo husafiri nao. Mgeni mtenge wiki tatu, mbali na maji na malisho ya wenzake, na umwombe afisa mifugo wa kata amkague kabla hujamchanganya.