Miguu Ikilegea Katikati ya Matibabu

Mwambie mtoto anayetibiwa saratani atembee kwa visigino. Akishindwa kuinua vidole, nyayo zikaburuta na kumkwaza hata penye sakafu tupu, mzazi wa Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, asidhani ni uvivu au kurogwa, wala asikatize matibabu. Huenda ni vinkristini, mojawapo ya dawa kuu za uvimbe wa Burkitt, ule wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala.

Dawa hii, iliyotokana na ua la Madagaska, huzuia vijibomba vinavyohitajika seli ya saratani inapogawanyika. Lakini mishipa ya fahamu nayo husafirishia mahitaji yake katika vijibomba vya aina hiyohiyo. Barabara ikikatika, kijiji cha mbali ndicho hutangulia kukosa chumvi. Ndivyo mishipa mirefu iendayo miguuni inavyotangulia kuumia. Msuli usiopata amri hukonda. Dawa ya prednisoloni, inayoandamana na vinkristini mara nyingi, hula msuli wenyewe, hasa wa mapaja: mtoto akichuchumaa, hainuki mpaka ajishikilie. Doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, yaweza kuudhuru hata msuli wa moyo.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti juu ya vinkristini uliofanyika Eldoret, Kenya, katika Hospitali ya Moi. Watoto wengi walionekana kuumia mishipa kidogo tu. Wengi wao wamerithi jeni ya CYP3A5 iliyo hai, na kimeng'enya chake huivunjavunja vinkristini upesi. Ni habari njema kwetu, ila isitulaze: nchini Malawi, watoto wenye utapiamlo na saratani ya figo walionekana kuiondoa dawa hiyo mwilini polepole. Na Beni, familia ngapi zimeyakimbia mashamba yao, watoto wakabaki na njaa? Kwangu mimi, kupima mzingo wa mkono wa mtoto kabla ya sindano ni jambo zito sawa na kupima damu.

Itrakonazoli, dawa ya fangasi, nayo huzuia vinkristini isivunjwe, ikarundikana mwilini. Kwa hiyo anayevuka mpaka wa Kasindi kumpeleka mtoto kutibiwa Uganda abebe fishi (kadi ya matibabu) yenye kila dawa aliyopewa mtoto nyumbani. Miguu ikilegea, amweleze daktari kabla ya sindano inayofuata: dozi yaweza kupunguzwa au kuahirishwa, mtoto akafundishwa mazoezi ya kunyoosha kifundo cha mguu. Kwa wengi nguvu hurudi, ingawa yaweza kuchukua miezi.