Mtaro ukipita kwenye kiwanja chako, dai haki yako mapema

MKULIMA wa Ulyankulu hahitaji kufundishwa tabia ya maji. Mvua zikianza Novemba, mbuga hujaa, mpunga hustawi, na wenye maduka yaliyo chini ya mteremko huanza kupanga mifuko ya mchanga mlangoni. Kadiri senta inavyokua na mabati yanavyoongezeka, ndivyo maji yanavyokosa pa kuzama. Mitaro itachimbwa tu. Swali ni itapita kwa nani.

Serikali ikitaka njia ya maji katika ardhi ya mtu ina njia mbili. Ya kwanza ni kuitwaa ardhi yenyewe kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, ambayo inampa Rais mamlaka ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, shughuli za usafi wa mazingira zikiwamo. Ya pili ni mkuza, kama ule wa nguzo za umeme: ardhi inabaki yako, lakini mtaro unapita na huruhusiwi kuuziba wala kujenga juu yake. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inataka mwenye eneo lenye mkuza alipwe kwa matumizi ya ardhi yake, na pia kwa mazao, miti na majengo yatakayoharibiwa.

Ukiambiwa "ni mtaro tu, hatuchukui kiwanja", jibu lake ni hilo.

Kwa Ulyankulu, hofu kubwa ni karatasi. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na maelfu yao walipata uraia wa Tanzania, vyeti vikianza kutolewa mwaka 2014. Wengi wamelima miongo mingi bila hati mkononi. Hata hivyo, kwa upande wa mkuza sheria inamtaja pia anayelikalia eneo kwa vitendo. Na kwa wenye ardhi ya kimila, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, hivyo haichukuliwi bila fidia ya haki. Wenye nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila wasisubiri wapimaji wa mtaro wafike.

Fidia yenyewe si thamani ya ardhi na nyumba peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, kodi ya pango ya miezi 36 kwa anayepoteza makazi, na faida ya miezi 36 kwa anayepoteza biashara. Tuseme duka lako linakuachia faida halisi ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi 36 ni shilingi milioni 5.4. Lakini mthamini atauliza hesabu, na hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wanapoumia, kwa sababu daftari lenyewe ni la madeni ya wateja tu. Anza leo kuandika mauzo na manunuzi, na tunza risiti.

Kuna mitego. Ukijenga au kuongeza chumba baada ya tangazo kutoka, nyongeza hiyo haihesabiwi. Sehemu tu ya kiwanja ikitwaliwa, mthamini anaruhusiwa kuzingatia kwamba kipande kilichobaki kimepanda thamani kwa sababu ya mradi. Nawe mkumbushe hasara ya shamba kukatwa vipande viwili. Tena, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa mradi wa kudhibiti mafuriko, wanajua jinsi suala la kuishi eneo hatarishi linavyoleta mvutano wakati wa kulipana.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miembe yako pamoja nao, soma fomu kabla ya kusaini, na baki na nakala. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili, kwa hiyo jedwali la zamani lililokaa kabatini haliwezi kutumika kukulipa bei ya zamani.

Msipokubaliana juu ya kiasi ndani ya wiki sita tangu tangazo la utwaaji, shauri linaweza kufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Ulyankulu ni Kanda ya Tabora.