Mwalimu, WhatsApp na barua ya prefe

Mwalimu wa Lubumbashi akiandika Facebook hupima maneno, maana anajua wazazi wanasoma. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu wenzake ndipo anapojiachia: mshahara umechelewa, prefe (mkuu wa shule) amekula makuta, yaani pesa, ya wazazi, na jina analitaja. Mmoja wao anaipiga picha skrini, na jioni hiyohiyo maneno yako kwenye simu ya prefe mwenyewe. Kesho yake inaletwa barua ya kumtaka ajieleze, demande d'explication.

Kulalamika kuwa mshahara umechelewa si kosa. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 23, inalinda uhuru wa kusema. Shida ni ile sentensi ya pili, kwamba prefe amekula makuta. Sheria ya adhabu ya 1940 humshika anayemtwika mtu jambo mahususi la kumvunjia heshima, ila inataka awe amelisema hadharani na kwa nia mbaya. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ni kali zaidi. Kifungu chake cha 360 kinamgusa anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu mtandaoni, na vilevile anayeisambaza tu: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, au kimojawapo. Kwa hiyo hata aliyebonyeza tu kuituma mbele yumo. Wala sheria hii haijalala kabatini: mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa Septemba 2023, alikaa gerezani zaidi ya miezi sita, na kueneza uongo kulikuwa miongoni mwa mashtaka yake.

Kuhusu kazi yenyewe, uliza kwanza mwajiri ni nani. Shule binafsi hufuata Sheria ya Kazi ya 2002. Bosi anayedai kosa zito lazima akuandikie uamuzi wake ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo hilo; akilikalia miezi kisha akalifufua siku mnapogombana, amechelewa. Shule za makanisa zina mambo yake: Serikali inalipa, lakini tangu mkataba wa 1977 usimamizi uko kwa kanisa. Huko, naona, hata bila kufukuzwa, uhamisho wa mbali unatosha kumnyamazisha mtu.

Barua ikikufikia, usiende kubishana ofisini. Ionyeshe sendika (chama cha wafanyakazi) kwanza, jibu kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.