Fundi Anapofungua Atelie Yake

Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tulikomaa tukiambiwa kwamba kazi ni kampuni. Kampuni ilitoa mshahara, posho ya unga, nyumba, masomo ya watoto na hospitali. Mtu akisema, "Nitafanya kazi yangu mwenyewe," watu walimuuliza: "Wamekufukuza?"

Lakini mambo yaligeuka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Miaka iliyofuata shaba ilipunguka sana, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa ule mpango tuliouita départ volontaire. Wengi walikuwa mafundi hodari: ajustere, sudere, makanika, fundi umeme. Ufundi wao hawakuuacha mlangoni pa kampuni, walirudi nao nyumbani. Swali likawa: ufundi huu utatulisha namna gani?

Ndugu mmoja, sudere, alinijia jioni pamoja na bibi yake. Akasema: "Pasta, kazi iko. Makuta njo hakuna." Mwaka mzima alifanya milango ya chuma bila kupumzika. Sasa posti yake ya kusude imeungua, hana feza ya kununua nyingine, na watoto wawili wamerudishwa kutoka shule kwa sababu ya minervale.

Tulichukua karatasi. Nikamuuliza, mlango mmoja unauza ngapi? "Dolari 110." Basi tukaandika: chuma na tole 60, bageti 6, umeme 4, kusukumiwa na pusupusu 5, kufuli na rangi 15. Jumla 90. Akasema, "Unaona, faida ni 20!" Nikamwambia tuendelee. Kijana anayemsaidia, siku 3 kwa dolari 4, ni 12. Posti inachakaa kila siku, tuiwekee 5. Sasa tumefika 107. Zinabaki dolari 3 kwa siku 3. Fundi wa miaka ishirini anapata dolari moja kwa siku!

Bibi yake aliangalia karatasi, akasema pole pole: "Kumbe, baba, tulikuwa tunakula posti."

Wapendwa, huyu mama alisema kweli, na atelie nyingi zinakufa hivyo. Kazi si kwamba haiko. Fundi anakula chombo chake bila kujua. Yule mtu wa mnara katika Luka 14 alipaswa kuhesabu kwanza, na fundi vilevile. Na tusione haya juu ya kazi ya mikono: mtume Paulo mwenyewe alishona hema kule Korinto.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanza, shika mambo haya.

Kwanza, bei. Usichukue bei ya jirani, maana labda yeye pia anakula posti yake. Andika vyote: vyombo, msaidizi, safari, na mshahara wako mwenyewe. Kisha ongeza kidogo kwa siku mbaya.

Pili, avansi. Usikate chuma kabla mwenye kuagiza hajalipa feza ya kununua chuma. Andikeni karatasi mbili, kila mtu na yake: kipimo, bei, siku ya kumaliza. Hata kama ni shemeji. Karatasi inalinda undugu.

Tatu, mifuko miwili. Makuta ya atelie na makuta ya nyumba yasilale pamoja. Matanga yakitokea, utoe katika mshahara wako, usitoe katika feza ya bageti. Mama akiweza kuandika, yeye ashike kaye ya hesabu. Nyumba nyingi zitapona hivyo.

Nne, karatasi za serikali. Congo iliingia OHADA mwaka 2012. Sheria zake zinamjua fundi mdogo kwa jina la entreprenant: yeye anatangaza kazi yake tu, halazimishwi kuandikwa kama kampuni kubwa. Tena kuna sheria ya 2017 inayowawekea Wakongomani kazi ambazo kampuni kubwa zinagawia wengine. Lakini mtu asiye na karatasi hapiti mlango huo. Na ukiupita, ujue kwamba malipo yanaweza kukawia. Usiweke feza yako yote katika kazi ya mtu mmoja.

Tano, kujifunza. Chuo cha INPP kinafundisha ufundi tangu 1964. Fundi mzee naye anaweza kukaa kwenye banki na kujifunza kusoma plani mpya.

Ndugu yetu sudere alipandisha mlango kwa dolari 135. Katika watu watano waliotaka kazi, wawili walienda kwingine, na usiku ule hakulala. Watatu walibaki. Aliingia likelemba ya mafundi sita, na zamu yake ilipofika alinunua posti iliyotumika. Watoto walirudi shuleni, mmoja akiwa amepoteza muhula mzima. Hakuwa tajiri. Lakini siku moja aliniambia: "Pasta, sasa nikichoka, ninajua ninachokea nini."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
1. Kazi yetu ya mwisho ilituachia ngapi kweli, tukihesabu vyote?
2. Nani kati yetu anashika kaye?
3. Chombo chetu kikiharibika kesho, tutanunua kingine na nini?