Waipa za Lori la Zamani

Wasikilizaji, dereva asiyeiona njia ni sawa na kipofu aliyepewa mzigo wa kuua. Kwa hiyo yafaa leo tuzungumze juu ya waipa, vile vifutio vya mvua katika kioo cha mbele, na jinsi ya kuzibadili katika lori la zamani.

Tutwae mfano wa lori la Chevrolet lililotengenezwa Marekani mwaka 1950. Waipa zake haziendeshwi kwa umeme, bali kwa nguvu ya kufyonza. Injini hufyonza hewa kama mtu afyonzavyo maji kwa mrija. Mpira mwembamba hutoka katika bomba liingizalo hewa mpaka penye kisanduku cha waipa, na nguvu ile huzipeleka huku na huku. Lakini dereva akikanyaga mafuta sana, kilango cha hewa hufunguka wazi, nguvu ya kufyonza hupungua, na waipa hulegea au husimama kabisa. Basi lori lipandapo mlima na mzigo katika mvua kubwa, ndipo zinapomtupa mwenyewe.

Dawa yake ni mota ya umeme, ambayo mwendo wake haufuati mguu wa dereva. Hata hivyo fundi na aangalie mambo manne.

Kwanza, volti. Lori lile lilitoka kiwandani likitumia volti 6, na mengi yamekwisha geuzwa yatumie 12. Mota ya volti 6 ikitiwa katika 12 yaweza kuungua. Ya 12 katika 6 hujikokota.

Pili, mpira ukiisha ondolewa, tundu lililobaki penye injini lazima lizibwe imara. Likiachwa wazi, hewa ya ziada huingia, petroli haitoshi katika mchanganyiko, na injini hutetemeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, waya upitie katika fyuzi, ili waipa zikikwama usiwake moto.

Nne, vyuma viunganishavyo mota na waipa vikaguliwe, kwani mota mpya haiponyi viungo vilivyolika.

Mwisho, kioo kimwagiwe maji kabla ya kujaribu.

Wako wapendao lori la kale libaki vile vile lilivyoundwa. Heshima hiyo ni njema, nao waweza kuiweka mota ya zamani sandukuni. Lakini lori lipitalo njia moja na watoto waendao shule halina budi kuona kwanza, ndipo lipendeze.