Maji ya Kuogea Yanakwenda Wapi?

Njooni wajukuu zangu, kaeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Inahusu ndoo moja ya maji. Mtu ameoga asubuhi kijijini Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakatokomea kwenye tundu la sakafuni, na hakuna aliyeuliza yamekwenda wapi.

Jambiani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao umejaa nyufa na matundu. Kwenye mchanga mzito maji hupita polepole yakichujwa. Kwenye mwamba hukimbia na uchafu wake. Tazameni kisima kilicho karibu na ufuo: bahari ikijaa, maji ya kisima hupanda, bahari ikipwa, hushuka. Ndiyo kusema vinawasiliana chini kwa chini, na shimo la choo lisilo na sakafu, yanakoishia maji ya ndoo yetu, nalo limo humo humo. Mafundi hushauri choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, lakini penye nyufa hata umbali huo huenda usitoshe.

Uchafu wa choo ukifika kisimani huleta kuhara, na kama kipindupindu kimeingia kijijini, huleta msiba. Ukifika baharini, naitrojeni na fosforasi zilizomo hustawisha magugu yanayosonga matumbawe. Chaza naye hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo vijidudu hubaki ndani yake mpaka jikoni.

Sasa tuipitishe ndoo yetu njia nyingine. Kuna karo lenye sakafu na kuta zisizovuja, vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza maji hutulia siku moja au zaidi. Vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea, na maji ya katikati ndiyo yanayopita kwenda chumba cha pili. Mle gizani, pasipo hewa, bakteria wanakula uchafu usiku na mchana. Anayemwaga dawa kali ya madoa kwa wingi anawaua.

Maji yanayotoka humo bado si salama, na hapa wengi hudhani kazi imekwisha. Yapelekwe kwenye bwawa lililojazwa kokoto na kupandwa matete. Ukisimama kando huyaoni maji, yanapita chini ya kokoto, na mbu hapati pa kutagia. Okota kokoto moja ya chini: ina utelezi. Utelezi huo ni bakteria wengine, wanaomalizia walichoacha wenzao. Mizizi ya matete huwapelekea hewa kidogo, na matete yenyewe hufyonza sehemu ya naitrojeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechunguza mabwawa ya aina hii kwa matete yetu haya haya. Penye mteremko hayahitaji umeme wala pampu, ndiyo maana naamini yanavifaa vijiji vyetu kuliko mitambo ya gharama.

Lakini karo hujaa. Tope lisiponyonywa kila baada ya miaka michache, hupita likaziba kokoto, na bwawa likafa. Watu huchangia ujenzi kwa moyo, wakasahau gari la kunyonya.

Leo ulizeni nyumbani: karo letu lina sakafu? Lilinyonywa lini mara ya mwisho? Asipopatikana anayejua, waambieni wakubwa wamwite fundi. Nyinyi msifunue kifuniko hata kidogo, maana hewa ya mle ndani huua.