Kula Ushibe, Usijaze Kikapu



Huko Ulaya na Marekani kuna mashamba ambamo mnunuzi huingia mwenyewe, akachuma matunda kwa mkono wake, akachagua boga ardhini, kisha akalipa anapotoka. Mwezi wa Oktoba familia nzima hufunga safari kwenda kuchagua maboga. Kwetu Kilosa na Mikumi hakuna kibao wala mlango wa tiketi. Kuna hodi. Wakati wa mavuno, ukiona maboga yamelala katikati ya mabua ya mahindi, mtafute mwenye shamba, msalimie, umwombe uchume mwenyewe. Mara nyingi utajibiwa, "Karibuni." Na tangu mwaka 2024 treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita Kilosa, hivyo hata mtu wa mjini hana sababu ya kusema ni mbali.

Ukipata nafasi, wapeleke watoto. Wajifunze kwamba boga lililokomaa kikonyo chake kimekauka na ganda lake halipenyi ukucha, na kwamba hukatwa pamoja na kipande cha kikonyo, maana likinyofolewa huoza upesi. Wajifunze kwamba embe lililokomaa huweza kuchumwa gumu likaivia nyumbani, lakini chungwa likichumwa kabla ya wakati wake haliivi tena. Mtoto aliyeyaona hayo hatachezea chakula mezani.

Lakini leo nataka tuutazame mkono unaochuma. Unaingiaje katika shamba la mwenzako? Torati ina jibu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mpita njia anayeingia katika shamba la mizabibu la jirani yake anaruhusiwa kula zabibu mpaka ashibe, ila asitie hata moja katika chombo chake. Katika shamba la nafaka anaweza kuvunja masuke kwa mkono, ila asiingize mundu.

Amri hiyo inamlinda mwenye njaa asinyimwe, na inamlinda mwenye shamba asifilisiwe. Tumbo lina kipimo chake, nalo likijaa mtu huacha. Kikapu hakina kipimo. Kikijaa unatafuta gunia, na gunia likijaa unatafuta gari. Ndiyo maana wanafunzi wa Yesu walipovunja masuke wakipita shambani, Mafarisayo walilalamikia Sabato. Hakuna aliyewaita wezi.

Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinamgeukia mwenye shamba: asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudie kuokota yaliyoanguka, bali amwachie maskini na mgeni. Kwa desturi hiyo Ruthu, mgeni kutoka Moabu, aliokota masuke katika shamba la Boazi. Kutoka kwao alizaliwa ukoo wa Daudi, na katika ukoo huo Bwana wetu.

Sisi wa Kilosa tunaujua kwa uchungu uzito wa mpaka wa shamba. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Mizizi yake ni mingi, na mahubiri peke yake hayatoshi. Inahitajika mipango ya ardhi na sheria inayosimamiwa kwa haki. Hata hivyo Torati inasema na pande zote mbili. Ndugu mfugaji, kundi la ng'ombe katika mahindi ya mtu si njaa ya mpita njia, ni mundu. Ndugu mkulima, ukilima mpaka ukaziba njia ya mifugo kwenda mtoni, umevuna na pembe ambazo si zako.

Kuna mundu mwingine usiopiga kelele. Mlanguzi anakuja nyumbani kwa mjane wakati ada ya shule inadaiwa, ananunua mwembe mzima ungali na maua, kwa bei ya masikitiko. Wamekubaliana, ni kweli, na pengine wameandikiana. Lakini mwenye shida hapangi bei, anapokea tu anachopewa.

Na ukifika Mikumi, kumbuka jirani mwingine. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na tembo hawatambui mpaka wake. Wanapenda maboga na matikiti kama sisi, na usiku mmoja hutosha kumaliza kazi ya msimu. Kwa hiyo wakulima wa kandokando ya hifadhi hukesha shambani, wakipiga madebe; wengine huzungushia kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Tangu mwaka 2011 serikali ina kanuni za kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao. Jina lenyewe linaonyesha kwamba hilo si fidia kamili ya kilichopotea.

Basi mama akikutajia bei ya boga, ujue ndani yake umo usiku aliokesha. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tusimnyang'anye kivuli chake kwa kumbana mpaka shilingi ya mwisho, sisi tulioshuka kwenye gari. Akikuonjesha embe, kula ushukuru. Ukitaka la kubeba, lipa. Nawe mwenye shamba, acha kitu pembeni kwa ajili ya bibi asiye na mtu wa kumlimia, na usimwulize ni wa dini gani.

Leo katika Misa utawaona waumini wakipeleka altareni maboga, mahindi na ndizi. Kabla ya kupeleka chako, jiulize kama yupo mtu uliyemwachia shamba tupu. Kama yupo, nenda ukapatane naye kwanza, kama Bwana alivyotufundisha. Boga litakusubiri, wala halitaoza kwa siku mbili.

Nawatakieni Dominika njema.